Neno limkae mtoto kichwani: namna ya kumfundisha kulitambua anapoanza kusoma

Mtoto wa jirani yangu hapa mtaa wa Walukuba, mjini Jinja, Uganda, alikuja barazani jioni moja na daftari lake la darasa la pili. Akasimama wima, akasoma ukurasa mzima bila kukwama: mama anapika, baba analima, kuku anakula. Sauti safi, kidole kikitembea chini ya mistari. Mama yake, aliyekuwa akichagua mchele mlangoni, akatabasamu. Lakini niliona kidole kiko kwenye "baba" na mdomo umeshafika kwa kuku. Nikachukua chaki, nikaandika kwenye ngazi ya saruji neno moja tu: kuku. Akalitazama. Akanitazama mimi. Akatafuta picha, na picha haikuwepo.

"Mwalimu, hilo hatujafundishwa," akasema.

Mtoto huyu si mvivu na si mjinga. Alikuwa ameukariri ukurasa kama mtu anavyokariri wimbo, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa: mwalimu anasema, darasa zima linaitikia. Nimekutana na watoto wengi wa namna hiyo, wengine wameshafika darasa la nne. Mwongozo huu nimewaandikia mzazi, dada, kaka, bibi au mwalimu mwenye mtoto kama huyo. Hauhitaji fedha. Unahitaji dakika 20 kila siku, vifuniko vya soda, chaki au mkaa, na subira.

Kulitambua neno ni nini hasa

Wewe unayesoma hapa huhesabu herufi. Jicho linagusa "chakula" na maana inakuja hapo hapo, hata usipotaka. Huko ndiko tunakompeleka mtoto. Wengi hudhani njia ya kufika huko ni kumwonyesha neno mara nyingi mpaka sura yake imwingie kichwani, kama anavyoijua sura ya shangazi yake. Sivyo. Mtafiti Mmarekani Linnea Ehri, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, ameeleza kwamba neno hukaa katika kumbukumbu pale herufi zake zinapofungamana na sauti zake na maana yake. Mtoto akishalivunja "kiti" kuwa ki na ti, akaliunganisha, akalisikia, akajua ndicho hiki tunachokalia, baada ya kulirudia mara kadhaa halivunji tena. Analiona, analijua. Yule aliyekariri sura peke yake atachanganya kiti na kitu, kata na kati, maana sura zinafanana.

Kuna jambo la pili, nalo ni lugha. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliliweka kwa hesabu: kusoma ni utambuzi wa maneno mara uelewa wa lugha. Walisema mara, hawakusema kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri. Kwa hiyo anza na lugha ambayo mtoto anaitumia kucheka na kugombana. Mtaa wetu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi waliotoka kila upande wa nchi, na nyumba nyingi hapa zinaongea Kiswahili. Nyingine Lusoga, Luganda, Lugbara. Kama kwenu ni Luganda, anza na Luganda. Hatua ni zile zile, maneno tu ndiyo yatabadilika.

Hatua ya kwanza: sikio kabla ya jicho

Usianze na kitabu. Anza mkekani, mikono mitupu. Mtoto asiyesikia kwamba "sabuni" ina vipande vitatu hataona faida ya herufi, maana herufi ni alama za vipande hivyo.

Pigeni makofi: sa-bu-ni, makofi matatu. Ma-ma, mawili. Chu-ngwa, mawili. Kisha mpe "mtu". Watoto wengi hupiga kofi moja, na watu wazima pia. Rudia polepole: m-tu. Ile m imesimama peke yake, ina kofi lake. Vivyo hivyo m-to, m-bu, n-chi. Lakini mbuzi ni mbu-zi, makofi mawili tu, kwa sababu hapo m imeegemea b. Usimweleze kanuni, mpigishe makofi mpaka asikie mwenyewe.

Wakishazoea makofi, geuzeni vipande. Sema "lima", mtoto ageuze: mali. Kata, ageuze: taka. Sana: nasa. Mchezo huu wanaupenda kupita kiasi, nimewasikia wakiucheza kisimani wakisubiri zamu ya maji. Halafu mchezo wa kuondoa: sema "kalamu" bila ka. Lamu. Sema "ndizi" bila ndi. Zi. Mwishowe mchezo wa sauti ya kwanza: nani ana jina linaloanza na mmm? Kitu gani humu ndani kinaanza na sss?

Wiki mbili za michezo hii si kupoteza wakati, hata kama jirani atakuuliza mbona mtoto hashiki kalamu. Mtoto wa miaka 5 hukaa hapa muda mrefu zaidi, wa miaka 8 hupita haraka.

Hatua ya pili: herufi chache, na sauti zake

Hapa ndipo naomba tubadilike kabisa. Watoto wetu wengi wanaingia darasa la kwanza wakiimba alfabeti ya Kiingereza kutoka mwanzo hadi mwisho. Wimbo ni mtamu, lakini ndani yake herufi a inaitwa "ei", e inaitwa "ii", na i inaitwa "ai". Mtoto akikutana na "meza" anasoma "miza", na sisi tunamkaripia, kumbe anafuata alichofundishwa. Unapofundisha kusoma Kiswahili, itamke sauti ya herufi. Herufi m ni mmm, si "em". Herufi k ni k fupi, sauti ikakatwa mara moja, si "kei" wala "kaa".

Wala usifuate mpangilio wa a, b, ch, d. Chagua herufi zitakazompa maneno mapema. Mimi naanza na a, i, u, kisha m, k, t, l. Herufi saba tu. Lakini tazama zinafika wapi:

Mama alilima.
Kaka alikata mti.
Kuku alikula.

Sentensi tatu kamili, zenye maana, kwa herufi saba. Siku mtoto anapozisoma hizo bila kukariri, uso wake unabadilika, na wewe utajua. Baada ya hapo ongeza e na o, halafu n, s, b, p, h, w, y. Zote ziingie moja moja, na kila inapoingia ipewe maneno yake siku hiyo hiyo. Herufi isiyo na neno husahaulika.

Hatua ya tatu: vifuniko vya soda

Nenda kwenye kibanda cha soda, omba vifuniko. Hawavihitaji. Vioshe, uvigonge kwa jiwe mpaka kingo zilale zisimkate mtoto, halafu andika ndani yake kwa kalamu ya wino mzito, herufi moja kila kifuniko. Irabu ziandike kwa rangi nyekundu ukipata. Tengeneza a nne au tano, maana Kiswahili kinazila sana.

Weka k na a mbali kidogo. Sukuma k polepole kuelekea a huku ukitamka, na zikigusana sema "ka". Mtoto afanye mwenyewe. Usimshike mkono zaidi ya mara mbili. Halafu ka na ta: kata.

Sasa anza mnyororo. Acha "kata" mkekani, badilisha kifuniko kimoja tu, na mtoto asome kilichotokea:

kata, kati, kiti, kitu, kutu, kuta, kula

Kila mara kimebadilika kifuniko kimoja, na neno limekuwa jingine kabisa. Hakuna zoezi ninalolithamini kuliko hili. Linamlazimisha mtoto atazame neno zima, mwanzo, kati na mwisho, badala ya kubahatisha kwa herufi ya kwanza. Kila neno likitokea, liulizie maana. Kutu je? Ile nyekundu kwenye bati letu. Kuta? Hizi hapa, mbili, tatu, nne. Asipolijua neno, mweleze hapo hapo, maana neno asilolijua maana litapita kama upepo.

Neno moja kuhusu ba be bi bo bu. Silabi zenyewe ni nzuri na Kiswahili kimesimama juu yake: irabu tano zisizobadilika sauti, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Ubaya ni kuziimba. Chati ikisomwa kila siku kwa mpangilio ule ule, mtoto anajua wimbo na hajui herufi. Ukitaka kuhakikisha, weka kidole katikati ya chati, kwenye bo. Kisha ruka juu kwenye la, kisha chini. Akianza kunong'ona kutoka mwanzo wa mstari mpaka afike kwenye kidole chako, bado anaimba.

Hatua ya nne: neno lizame

Mtoto akishaweza kuunganisha, kazi inayobaki ni kumfikisha pale ambapo haunganishi tena. Hapa ndipo wengi wetu tunaharakisha, na kazi yote ya nyuma inamwagika.

Kata maboksi ya sabuni yawe kadi za ukubwa wa kiganja. Andika neno upande mmoja, kwa herufi za a, b, d, si A, B, D, ila ziwe na ukubwa wa kuonekana vizuri. Picha, kama unachora, iende upande wa nyuma. Ukiweka neno na picha pamoja, jicho la mtoto litakwenda kwenye picha kila mara. Ni rahisi zaidi, hata mimi ningefanya hivyo. Asome kwanza, kisha ageuze kadi kuhakikisha. Picha iwe ya kuthibitisha, isiwe ya kunong'oneza jibu.

Kila neno jipya lipitie njia hii. Mtoto analitazama na kulisoma kwa silabi. Analisema kwa mfululizo. Anasema sentensi yake mwenyewe yenye neno hilo. Kisha anaandika, huku akitamka kila silabi mkono unapoiandika: ki, ti. Kwa kidole kwenye vumbi, kwa mkaa kwenye saruji, vyovyote. Anafunika kadi, anaandika tena bila kuona. Anafunua, analinganisha mwenyewe. Kuandika ndiko kunakofunga fundo. Mtoto anayesoma tu bila kuandika husahau upesi, na hili nimeliona mara nyingi mno.

Mimi sizidishi maneno matano mapya kwa siku, na kwa mtoto anayehangaika ni mawili. Tuna makopo mawili. Neno jipya linaingia kopo la kwanza. Mtoto akilisoma papo hapo, bila kulivunja, siku tatu tofauti, anajitolea mwenyewe kadi na kuihamishia kopo la pili. Kusikia kadi ikianguka ndani ya kopo hilo kunamfurahisha kuliko sifa zangu. Kila Jumamosi tunalimwaga kopo la pili na kuyapitia yote. Lililosahaulika linarudi la kwanza bila lawama. Kuna mtoto anayelishika neno baada ya kukutana nalo mara nne, na kuna anayehitaji mara thelathini. Wote wawili watasoma.

Pale watoto wetu wanapojikwaa

Kalamu na karamu. Mtoto anayeongea Luganda au amekulia kwenye Luganda hatenganishi l na r kwa sikio, kwa sababu katika Luganda hizo si sauti mbili zinazobadilisha maana. Huandikwa r baada ya e na i, kwingine l. Mtoto huyu akisoma "karamu" kama "kalamu" si mkaidi. Anaifuata kanuni ya lugha yake, tena kwa usahihi. Katika Kiswahili kosa hilo linamgeuzia maana. Weka kadi mbili: kwenye moja mchoro wa kalamu nyuma, kwenye nyingine sinia la pilau la harusi. Sema sentensi: "Nipe ... niandike." "Tumealikwa kwenye ... ya harusi." Achague kadi. Halafu mpe mahali na mahari, kula na kura. Mwambie aguse juu ya kinywa kwa ulimi na aone jinsi ulimi unavyotetemeka kwenye r.

Luganda pia huandika sauti ya "ch" kwa herufi c peke yake. Chai ni caayi. Mtoto aliyeanza kwa Luganda ataandika "cai" na atashangaa ukimkosoa. Mwambie wazi: kwa Luganda uko sahihi, kwa Kiswahili c haitembei bila h. Vivyo hivyo herufi maradufu: emmeeza ya Luganda ni meza ya Kiswahili, ssabbuuni ni sabuni. Na Kiswahili kikiandika irabu mbili, ni silabi mbili: ka-a, ta-a, sa-a. Makofi mawili.

Ch, sh, ny, th, dh, gh: ziandike kila moja kwenye kifuniko kimoja, mtoto azijue kama herufi moja yenye miguu miwili. Ng na ng' zinahitaji siku yake. Weka kadi za ngoma na ng'ombe mbele ya mtoto, ashike pua, atamke. Ile alama ndogo juu haikuwekwa kwa urembo. Bila hiyo ng'ombe hasomeki.

Kisha b na d. Mtoto anaandika "daba" badala ya "baba", nasi tunaingiwa na hofu. Mwanasayansi Mfaransa Stanislas Dehaene ameeleza chanzo chake vizuri: ubongo umezoea kwamba kitu ni kile kile kikitazama kulia au kushoto. Kikombe ni kikombe, mkono wake uelekee popote. Mbuzi ni mbuzi akija au akienda. Herufi ndizo vitu vya kwanza maishani vinavyokataa desturi hiyo, na ubongo unahitaji muda kuisahau. Dawa yangu ni kuzitenganisha. Fundisha b kwanza, iandikwe kubwa ardhini, mtoto aitembee kwa miguu, wiki tatu au nne nzima. D ije baadaye, b ikiwa imeshakaa. Ukizileta pamoja siku moja kwa ajili ya kulinganisha, utamtengenezea mkanganyiko wa miezi.

Maneno marefu

Wanaotumia miongozo ya Kiingereza huja na orodha za maneno ya kukariri kwa macho. Maarufu zaidi ni ile ya Edward Dolch wa Marekani ya mwaka 1936, yenye maneno 220. Kiingereza kinaihitaji, kwa kuwa maneno yake mengi ya kila siku hayasomeki yalivyoandikwa. Usiitafsiri kuileta kwenye Kiswahili. Maneno yetu ya kila siku, na, ya, wa, kwa, ni, hii, lakini, yote yanasomeka kwa sauti zake. Mtoto anayafanyia mazoezi apate kasi, lakini hana haja ya kuyakariri kama picha.

Kizito cha Kiswahili kiko kwingine. Neno letu moja linaweza kuwa sentensi nzima. Mtoto anayesoma "pika" vizuri anakutana na "tutawapikia" na kuzimia. Mfundishe vipande vya mwanzo kama vipande. Kata ukanda wa boksi, andika ana-, ali-, ata-, ame-. Kwenye kadi nyingine soma, pika, lima, cheka. Anatelezesha ukanda: anasoma, alisoma, atasoma, amesoma. Anapika, alipika. Baada ya siku chache jicho linaliona "ana" mara moja kama kitu kimoja, halihesabu tena a-na. Ndipo uongeze nina-, tuli-, wata-. Neno refu likija kwenye hadithi, funika kwa kidole gumba, funua kipande kimoja kimoja: tuta, wa, pikia. Kisha asome lote tena kwa mwendo wa kawaida, asiliache limekatika.

Anapokwama, wewe fanya nini

Nyamaza kwanza. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Tuna haraka ya kuwapokonya watoto maneno mdomoni.

Akizidi kukwama, usimwambie "tazama picha" wala "hebu otea". Kubahatisha ni mazoea, na mazoea hayo yatamwangusha siku vitabu visivyo na picha vitakapofika. Mwambie: anza na silabi ya kwanza. Akisoma "kata" mahali palipoandikwa "kati", usiseme "hapana" ukaishia hapo. Sema: mwanzo umepatia, tazama irabu ya mwisho. Anajua sasa pa kutazama.

Na fimbo iwekwe mbali. Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni hapa Uganda, lakini nyumbani bado nasikia mtoto akipigwa kofi kwa neno. Mtoto anayeogopa hatazami herufi, anatazama mkono wako.

Maandishi nyumbani

Andika majina ya vitu na uyabandike: mlango, dirisha, meza, ndoo, kitanda. Ila karatasi ikikaa mahali pamoja wiki mbili haionekani tena. Kwa hiyo usiku wakiwa wamelala, zihamishe. Mlango uitwe ndoo, kitanda kiitwe dirisha. Asubuhi watapiga kelele na kuzirudisha wenyewe, na hapo watakuwa wamesoma kila moja bila kuambiwa. Ukienda naye sokoni, mtume atafute ubao wenye neno "mkaa", au "maandazi". Dagaa, ambao hapa tunawaita mukene, waandikie majina yote mawili.

Vitabu ni vichache na bei inajulikana. Kwenye intaneti mradi wa African Storybook unatoa hadithi fupi bure, kwa Kiswahili, Luganda na lugha nyingine nyingi za Afrika. Mwenye simu anaweza kuwasomea hadithi moja kila usiku. Ziwe hadithi rahisi, ambazo mtoto anayajua karibu maneno yote ya ukurasa na kukwama kwenye moja au mawili tu. Akikwama kila mstari, hadithi hiyo msomee wewe na mtafutie nyingine.

Kiingereza kinapoingia

Mtaala uliopo tangu 2007 unasema darasa la kwanza hadi la tatu mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, la nne liwe daraja la kuvukia, kisha Kiingereza. Mjini shule nyingi zinaanza na Kiingereza moja kwa moja. Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya pili tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kiwe somo la lazima. Kwa hiyo mtoto wetu ana lugha tatu mezani, na wazazi wananiuliza kama hatachanganyikiwa.

Ujuzi wa kuunganisha sauti anaupata mara moja tu. Akiuwekea msingi katika lugha anayoijua, anauchukua kwenda nao. Kinachomsumbua ni sauti mpya za herufi zile zile, basi tenga daftari mbili na saa mbili tofauti. Kwa maneno ya Kiingereza yenye ukaidi, kama "said", usimwambie alikariri lote. Herufi s na d zimekaa sawa, zinasomeka kama kawaida. Ukaidi uko kwenye ai katikati. Weka kitone cha rangi chini ya hizo mbili tu, akumbuke hapo.

Kama umefuata hatua hizi muhula mzima na mtoto bado hasikii vipande kwa makofi, mpeleke kituo cha afya wamwangalie macho na masikio kabla ya kitu kingine. Nimewahi kumfundisha mtoto miezi miwili ndipo tukagundua ubao wote kwake ulikuwa ukungu. Macho na masikio yakiwa mazima, huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu wala ujinga, hasa kama mzazi au ndugu naye alihangaika kusoma. Hatua zake ni hizi hizi, ila polepole zaidi na marudio mengi zaidi, na asiambiwe kamwe kwamba ni mzito.

Kumpima

Usimpime kwa kitabu chake, atakuwa amekikariri. Kila mwisho wa mwezi mimi huandika ardhini maneno kumi anayoyajua, bila mpangilio, na mengine matano ya kubuni: lupo, mateki, nyefu, shikomu, ndobe. Nawaambia watoto ni majina ya samaki wa Ziwa Nyanza (Viktoria) ambao bado hakuna mvuvi aliyewavua, na kazi yao ni kuwaita kwa majina. Neno la kubuni halikaririki, hakuna aliyewahi kulisikia; akilisoma, amelisoma kwa herufi zake.

Akiyasoma yale kumi upesi na ya kubuni akayamudu polepole, songa mbele, ongeza maneno marefu. Akiyajua kumi na kushindwa matano yote, anakariri. Rudi kwenye vifuniko, kwenye mnyororo wa kata, kati, kiti. Akiyaweza ya kubuni lakini yale kumi bado anayavunja silabi kwa silabi, herufi anazijua, anachokosa ni marudio: kopo la kwanza, kila jioni, na hadithi rahisi nyingi. Akishindwa pande zote mbili, tandika mkeka, muanze tena na makofi.

Mtoto wa ile ngazi ya saruji alirudi kwenye makofi. Alianza na m-tu.